Kura ya Mwanga Mwekundu

Mwalimu hakuwa mtu wa kuchagua nyanya. Alifika kwenye meza ya muuzaji pale sokoni Mwanga, akachukua fungu lililo karibu na mkono wake, akalipa, akaondoka. Wauza nyanya walimpenda kwa hilo, na baadhi yao walianza kumwekea karibu mafungu yaliyolainika. Nilipomwambia kwamba wanamtegeshea, alisema anajua.

"Kuchagua kunachosha," akasema. "Na mimi nilishachoka tangu nilipokuwa nasahihisha mitihani."

Lakini nyumbani kwake Katubuka, vikombe vyote kabatini viligeuziwa mikono upande wa dirisha. Mgeni akirudisha kikombe vibaya, Mwalimu alisubiri aondoke ndipo akigeuze. Mara nyingine hakusubiri. Mtu yuleyule aliyekubali nyanya yoyote hakuweza kukaa chumba kimoja na kikombe kilichotazama ukuta.

Namwita Mwalimu kwa sababu mji ulimwita hivyo, na hata mkewe alimwita hivyo. Alifundisha fizikia sekondari hadi akastaafu, ila mimi hakunifundisha. Mimi nilikuwa nachapa barua na kutoa kopi kwenye steshenari moja pale Mwanga, na kompyuta nilijifundisha mwenyewe, kwa simu, wateja wakipungua. Elimu ya namna hiyo inakuacha na hofu. Hujui ni kitu gani hukukijua, na kila anayeingia mlangoni unamwona kama mkaguzi. Nilikuwa mtu wa kuchapa barua ya mteja, kuisoma, halafu kuichapa upya kwa sababu nafasi kati ya mistari haikunipendeza, huku mteja amenuna kwenye benchi. Bado niko hivyo. Hata maneno haya nimeyafuta na kuyarudia mara nyingi kiasi cha kuona aibu.

Siku ya kwanza alikuja kutoa kopi, akaketi, akanitazama nikirudia barua ya mtu. Alisubiri nimalize.

"Ile ya kwanza ilikuwa na kosa gani?" akauliza.

"Haikuwa na kosa, Mwalimu."

"Na hii?"

"Hii nayo haina."

"Basi umefanya kazi mara mbili ili ubaki palepale."

Nilidhani ananisema. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amemtambua mwenzake.

Chumba chake cha nyuma, ambacho mkewe alikuwa amekikusudia kiwe cha wageni, kilijaa deki za DVD zilizokufa. Watu walimletea, maana siku hizi hakuna anayeziangalia. Ndani ya kila deki mna leza ndogo ya nusukipitishi, punje ndogo kuliko ufuta, inayotoa ule mwanga mwekundu wa kusomea diski. Mwalimu alizitoa punje hizo kwa koleo la nyusi, akiwa amezuia pumzi. Nyingi ziliungua mikononi mwake. Meza aliyofanyia kazi ilisimama ndani ya makopo ya mchanga wa ziwani, mguu mmoja kila kopo, ili lori likipita barabarani isitikisike.

Alichokuwa akikitafuta ni namba zisizotabirika. Namba nasibu, kama alivyoziita. Njia yake ilikuwa kuielekezea leza kioo kidogo, ili sehemu ya mwanga wake irudi na kuiingia yenyewe. Mtu akiona mara ya kwanza anadhani hakuna kitu. Doa jekundu, basi. Lakini mwanga unaorudi unaivuruga leza. Nguvu yake inashuka ghafla, inapanda, inashuka tena, bila ratiba. Mwalimu aliweka kihisio cha mwanga pembeni. Kihisio kilipima nguvu hiyo kila baada ya muda fulani: ikiwa juu ya mstari, moja; ikiwa chini, sifuri. Zikikusanywa moja na sifuri za kutosha, zinafanya namba.

"Umewahi kuongea na sauti yako ikakurudia kutoka mlimani?" alipenda kuwauliza wageni. "Ikirudi kabla hujamaliza, unagugumia. Leza yangu inagugumia. Na mimi nasikiliza kugugumia kwake."

Nilimuuliza mapema, kwa sababu nilijua swali hilo litanisumbua nisipouliza, kwa nini tusitumie tu simu. Simu inatoa namba kama hizo kwa kugusa kitufe.

"Programu ya simuni inahesabu," alisema. "Anayejua imeanzia wapi na inahesabu vipi, anajua itaishia wapi. Mimi nataka namba isiyo na mwenyewe."

Ndiyo maneno aliyoyarudia kuliko yote. Isiyo na mwenyewe. Alikuwa na mengine. "Usiniambie unadhani, niambie umepima." Au akiwa amechoka, ambayo ndiyo ilikuwa hali yake ya kawaida kila jioni: "Hata vurugu ina kumbukumbu." Hilo la mwisho lilihusu kioo. Mwanga unachukua muda kwenda kwenye kioo na kurudi, na muda huo unaacha alama katika namba. Ukipima harakaharaka utaona namba zinakumbuka zilikotoka. Kwa hiyo tulipima polepole sana, tukaacha leza isahau kabla ya kuiuliza tena.

Nasema "tulipima" kwa sababu mimi ndiye niliyeandika programu ya kuzijaribu namba. Nilimwonyesha kazi yangu. Aliipitia mstari kwa mstari, kidole kikigusa kioo cha kompyuta, akasema, "Inaweza kukaa." Kwa miaka niliyomfahamu sikusikia sifa kubwa kuliko hiyo, na siku ile nilitembea kwa miguu kutoka Katubuka hadi Mwanga bila kuhisi jua.

Kuna mara namba zilikuwa nzuri mno. Zilipita kila jaribio. Mimi nilikuwa tayari kusherehekea. Yeye akachukua kiberiti, akakisimamisha mbele ya kioo, mwanga usirudi. Namba zikaendelea kuja, nzuri vilevile. Tukatazamana. Maana yake tulikuwa hatupimi leza hata kidogo. Tulikuwa tunapima kelele za kibadilishaji umeme cha bei rahisi tulichokifunga kwenye sola. Kazi ya miezi ilikuwa imekwenda. Nililia, siwezi kuficha. Mwalimu alitoka, akarudi na chai, akaweka kikombe changu mkono ukitazama dirisha.

"Ni heri tumejidanganya sisi wawili humu ndani," akasema. "Ingekuwa huko nje ingekuwa mbaya."

Tangu siku hiyo sanduku tulimofunga leza na kioo chake lilitumia betri ya pikipiki peke yake.

Vijana wa bodaboda walisikia kwamba kuna mzee ana mashine ya namba. Walikuja wakiwa na karatasi zao za kubeti mfukoni.

"Shikamoo Mwalimu. Sasa mzee wetu, hilo sanduku si litupe mkeka wa Jumamosi?"

"Marahaba. Litakupa namba."

"Hizo hizo!"

"Zitakuwa namba. Hazitakuwa za Jumamosi."

"Sasa zina kazi gani?"

"Kazi yake ni kwamba hakuna anayezijua. Hata mimi."

"Ah, Mwalimu," akasema mmoja akiwasha pikipiki, "za kutokujua tunazo tayari, mikeka inachanika kila wiki."

Mwalimu alicheka hadi akashika ukuta. Hakupenda kamari, lakini alisema huyo kijana angekuwa mwanafunzi mzuri.

Sanduku lenyewe lilianza kwa sababu ya mkewe, Mama Rehema, ambaye alikuwa mwanika dagaa. Pensheni ya Mwalimu ilikuwa ya kusogezea siku tu. Nyumba ile ilisimama kwa dagaa. Na hapa kuna jambo ambalo sikuwahi kulielewa vizuri: kwa muda mrefu Mwalimu hakukanyaga mwaloni, pale ufuoni mitumbwi inaposhusha dagaa na akina mama wanapoanika. Harufu ilimshinda. Alikula samaki mwingine, mgebuka wa kuchoma, dagaa hakugusa, na nguo za mkewe za kazini zilining'inia nyuma ya nyumba, mbali na vikombe. Aliitengenezea haki sehemu asiyoweza kusimama hata robo saa.

Mwaloni kwao vichanja vya kuanikia havilingani. Cha juu, karibu na barabara, kinapata upepo na dagaa hukauka upesi. Cha chini kiko kando ya maji. Tangu ziwa lilipopanda na kula ufuo, vichanja vilipungua vikabaki kumi na moja, na cha chini hurushiwa mawimbi. Akina mama wa pale wana utaratibu wao. Mitumbwi huvua kipindi cha giza, mbalamwezi ikija inapumzika. Na kila mapumziko yakikaribia kwisha, akina mama wanapiga kura upya nani akae wapi giza linalofuata. Zamani walitumia vikaratasi vilivyokunjwa ndani ya kitambaa. Kila mara kulikuwa na maneno. Kikaratasi fulani kilikunjwa zaidi. Mshika kitambaa alimkonyeza shemeji yake. Mama Rehema alirudi nyumbani na maneno hayo kila mwezi, akayamwaga mezani pamoja na chai, na siku moja Mwalimu akasema, "Yanahitaji namba isiyo na mwenyewe."

Mwenyekiti wa akina mama alikuwa Mama Furaha, mwanamke mpana mwenye sauti, ambaye familia yake ilivuka kutoka ng'ambo, Kongo, yeye akiwa mgongoni. Tulipolipeleka sanduku mara ya kwanza, mimi nimelipakata kwenye bajaji kama mtoto mchanga, Mwalimu ameziba pua kwa leso, Mama Furaha alilizunguka akilitazama.

"Mwalimu, hii kitu inauma?"

"Haiumi, mama. Usitazame tu huo mwanga."

"Na ikikosea?"

"Haiwezi kukosea. Haijui inachokifanya."

"Yee!" Mama Furaha akawageukia wenzake. "Basi ni kama mwenyekiti wa kabla yangu."

Kila mama alibonyeza kitufe kwa kidole chake mwenyewe. Namba ya kichanja ikatokea. Ikiwa imeshachukuliwa au haimo katika zile kumi na moja, alibonyeza tena. Ilipofika zamu ya Mama Rehema, likampa cha chini, cha mawimbi.

Kilikuwa kicheko! Mama Furaha alipiga makofi. "Sanduku halijui shemeji! Limemtupa mke wa mwenyewe majini!" Giza lililofuata Mama Rehema akabonyeza, likampa cha chini tena. Sasa waliimba. Kuanzia hapo hakuna aliyelitilia shaka. Wengine walilishika kwa heshima, wakafuta mikono kwenye khanga kabla ya kubonyeza.

Tukiwa njiani kurudi kwa bajaji nilimgeukia Mwalimu.

"Limekubalika," nikasema.

"Limekubalika kwa sababu mbovu. Wanaamini kwa kuwa limemuumiza mke wangu. Lingeweza kumpa cha juu leo hii na bado likawa kweli."

"Tuwaeleze?"

Alifikiri njia nzima. "Waache kwanza," akasema. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akiahirisha kueleza kitu.

Likaja giza la mvua kubwa, wakati ambao kichanja cha juu kina maana kuliko miezi mingine yote. Mama Rehema akabonyeza. Kichanja cha kwanza, kile cha juu. Watu wakasema hewala, zamu yake. Giza lililofuata, mvua bado ipo, akabonyeza. Kichanja cha kwanza.

Safari hii hakuna aliyecheka wala kufuta mikono kwenye khanga. Mimi mwenyewe, niliyeandika programu, nilianza kuipitia kichwani mstari kwa mstari nikitafuta nilipokosea. Sikuwa nimekosea. Usiku na mchana wa wiki ile niliijaribu upya, na kila jaribio lilisema sanduku liko sawa. Kitu kutokea mara mbili mfululizo ndivyo bahati ilivyo; bahati isiyojirudia imeshikwa na mtu. Lakini hilo linaeleweka kwenye kompyuta. Mwaloni lilikuwa jambo lingine.

Mwalimu alikwenda kuwaeleza. Alirusha sarafu mbele yao, akaonyesha kichwa kikija mara tatu mfululizo. Alieleza vizuri, kwa subira, leso mkononi.

"Mwalimu," akasema Mama Furaha, "sisi hatukusoma. Lakini mke wako tunamjua."

Na mama mmoja kijana nyuma, ambaye hakuwa msemaji, akaongeza: "Mbona siku lilipompa cha chini hukuja na hizi hesabu?"

  Mwalimu akaokota sarafu yake, tukaondoka.

Mwaloni kuna desturi. Wingu likitokea upande wa Kongo, anayeliona kwanza anapiga kelele, na kila mwanamke anakimbilia turubai lililo karibu naye, liwe lake au la mwenzake. Hakuna anayeruka vichanja vya wengine kukimbilia chake. Ndivyo wote wanavyookoka. Giza lile, Mama Rehema alikuwa amepanda barabarani kufuata magunia wingu lilipokuja. Aliporudi, vichanja vyote vilikuwa vimefunikwa isipokuwa kimoja. Dagaa wake walikuwa wanaelea.

Alitueleza sebuleni, bado amelowa. Hakulia. Alikunja ncha ya khanga na kuikamua sakafuni, kitu ambacho siku nyingine Mwalimu asingekivumilia.

"Nimempa Mama Furaha kichanja changu," akasema. "Nahamia chini."

"Umempa? Kile si cha kutoa. Ukikiacha umekiri."

"Nimekiri nini?"

"Kwamba sanduku limekupendelea."

"Nikikikalia wanasema limenipendelea. Nikikiacha wanasema limenipendelea. Basi, Mwalimu, niache nisemwe huku dagaa wangu wamefunikwa."

"Lakini si kweli!"

"Najua si kweli." Sauti yake haikupanda. "Wewe una sanduku. Mimi nina watu. Sanduku halitakimbia na turubai."

Mimi nilikuwa nimeketi katikati yao na kikombe, nikitamani sakafu ifunguke. Nilikuwa upande wa Mwalimu, na nilikuwa nimechoka kuwa upande wake. Alisimama, akaenda chumba cha nyuma. Kwa siku kadhaa waliongea kupitia kwangu. "Mwambie Mwalimu chakula tayari." "Mwambie nimesikia."

Akina mama walitafuta vizibo vya soda, wakaviandika namba, wakavitia kwenye ndoo. Sanduku likarudi Katubuka. Mama Rehema, hata baada ya kuhama, alibaki mtu wa pembeni. Walimfunikia dagaa kwa kuchelewa kidogo. Si kutomfunikia, kuchelewa. Alisema kuchelewa kulimuuma zaidi.

Mimi nilipata kazi Kasulu, kufundisha kompyuta. Niliporudi kumwona Mwalimu, muda mrefu ulikuwa umepita. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na mikono ilianza kutetemeka. Vikombe kabatini vilitazama kila upande. Nilivigeuza alipokuwa haangalii, kisha nikakumbuka kwamba asingeviona hata angeangalia.

"Sanduku?" nikauliza.

"Lipo. Naliwasha asubuhi." Akasugua macho. "Nasikiliza tu feni ya kompyuta. Doa silioni."

Tulikuwa barazani hapo Mama Furaha alipopiga hodi, na wenzake wawili nyuma yake. Amezeeka pia, anapumua kwa mdomo.

"Mwakeye, Mwalimu. Sikuja kuomba msamaha."

"Sijakuuliza. Kaa."

Akakaa. Vizibo, akaeleza, vimeharibika. Kimoja kimelazwa meno, kingine kimekwaruzwa, na mwenye vidole vyepesi anavijua ndani ya ndoo bila kuangalia. Nani alianza hawajui. Sasa kila mmoja anamshuku mwenzake, na giza lililopita wingu lilikuja watu wakakimbilia kila mtu chake. Nusu ya dagaa wa mwalo mzima walioza.

"Kwa hiyo wenzangu wamesema niulize. Lile sanduku bado linafanya kazi?"

Mama Rehema alikuwa mlangoni, ameshika sinia. Hakusogea. Wote tulijua wanachoomba, na tulijua kitakachotokea siku litakapompa tena kichanja cha juu. Watamshuku kwa mara ya pili, na hiyo hawataisamehe. Nilimtazama Mwalimu nikisubiri maelezo. Nilikuwa hata nimeyaandaa mengine ya kumsaidia, yenye mifano bora kuliko sarafu.

"Linafanya kazi," akasema. "Kwa sharti moja. Mke wangu asibonyeze."

"Asibonyeze?"

"Nyinyi wote mbonyeze. Mkimaliza, kichanja kitakachobaki ndicho chake."

Mama Furaha alishtuka kweli. Pale mwaloni wa mwisho anaitwa wa makombo. Wanaamini vizuri vimeshaondoka, ndiyo maana kila kura huanza kwa kusukumana nani abonyeze kwanza. "Mwalimu, hiyo si haki kwake. Utamfanya ale makombo maisha yake yote."

"Ndilo sharti langu."

Mama Furaha akamtazama Mama Rehema mlangoni. "Na wewe umekubali, dada?"

"Nimekubali."

Walipoondoka, hesabu ilikuwa wazi kwangu, na nilijua ni wazi kwake tangu kabla hajafungua mdomo: kitakachobaki baada ya sanduku kugawa vingine vyote nacho kimegawiwa na sanduku. Kinaweza kuwa cha juu, kinaweza kuwa cha mawimbi, sawasawa na kwa mwingine yeyote. Hajapoteza hata chembe. Hakuna kilichobadilika isipokuwa kwamba kidole chake hakitagusa kitufe.

Siku ya kura nililipakata tena kwenye bajaji. Mwalimu hakuleta leso. Nilikaza kioo mimi, kwa kuwa mikono yake haikuweza, nikasubiri hadi mstari kwenye kompyuta uanze kugugumia. Akina mama walikuwa wamekusanyika, na niliwasikia wakinong'ona: maskini, mume kamtoa sadaka. Nikashindwa. Nikainama sikioni kwake.

"Mwalimu, wanadhani anaonewa. Wanaamini tena kwa sababu mbovu. Si tuwaeleze safari hii, kabla halijampa—"

"Nimechoka kuwa sahihi, mwanangu," akasema. "Waite waanze."

Wakaanza. Walisukumana, wakacheka, wakabonyeza. Cha juu kikaenda kwa yule mama kijana. Cha mawimbi kikaenda kwa Mama Furaha mwenyewe, akajilaani kwa Kiswahili cha ng'ambo hadi watu wakakaa chini kwa kicheko. Vikapungua. Kikabaki kimoja, cha katikati, kisicho na sifa wala lawama.

"Pole, Mama Rehema," wakamwambia mmoja mmoja, wakimshika mkono. "Pole sana, dada." Mmoja alikuwa tayari anamsaidia kusogeza magunia. Aliwaitikia wote, asante, asante, uso umeinama.

Tulirudi kwa miguu mimi na yeye, bajaji ikiwa imetangulia na Mwalimu na sanduku. Mlima ule unachosha, na tulisimama kila baada ya nyumba chache. Kwenye kituo kimoja kati ya hivyo aliniuliza, bila kunitazama:

"Hivi kwa huo mpango wake, mimi napoteza kitu?"

Nilijiuliza kama ni siri yangu kuitoa. Lakini sijui kusema uongo vizuri. Nao ningeurudia mara tatu.

"Hupotezi kitu, Mama. Ni sawa na kubonyeza."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Nilihisi. Mwalimu hawezi kupunja, hata akijitahidi." Akavuta pumzi, akaweka khanga yake sawa begani, tukaanza kupanda tena. Tulipokaribia nyumbani akanishika mkono.

"Usimwambie kwamba nimejua," akasema. "Amenirudishia watu wangu bila kueleza hesabu hata moja. Mwache akae na kitu chake hicho kimoja alichonipa."